Ugonjwa Uliopumzika Jumapili

Ndoo tisa zilifika Mabibo siku ya Ijumaa saa nane mchana, zimepakiwa kwenye gari dogo la kirikuu pamoja na madumu kumi ya maji ya bahari. Jesca alikaa juu ya madumu, amekumbatia boksi la plastiki kama mtu aliyekabidhiwa keki ya harusi ya watu.

"Shikamoo, mama mdogo. Usiniulize kitu kwanza. Nisaidie kushusha."

"Marahaba. Mbona ulisema vindoo viwili vitatu?"

"Ningesema tisa ungekubali?"

Jibu wote wawili walilijua. Demetria alijifunga kanga kiunoni, akashika dumu la kwanza. Alikuwa ametoka sokoni muda si mrefu, ana vumbi la viazi vitamu hadi kwenye nyusi. Kila siku isipokuwa Jumapili aliuza viazi na magimbi katika soko la Mabibo tangu alfajiri, na mchana ulipofika alikuwa amekwisha kurudi kwenye uani wake mdogo, ambao sasa ulikuwa unageuzwa kuwa bahari.

Jesca alikuwa mtoto wa dada yake, marehemu Eufrazia. Alisoma sayansi ya bahari, mwaka wa tatu, na alilala kwenye hosteli za hapo hapo Mabibo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Utafiti wake ulikuwa ufanyike katika banda la chuo, lakini banda liliezuliwa paa kwa matengenezo na mafundi wakapotea. Hosteli nayo hairuhusu hata birika la umeme, sembuse ndoo tisa. Ukabaki uani wa mama mdogo.

Jirani yao Kornelio aliacha tezo yake akaja kuangalia. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, na banda lake la kuchongea lilipakana na uani wa Demetria bila ukuta wala senyenge.

"Msomi, unafungua genge la supu?"

"Ni mwani, mjomba."

"Mwani! Nimekaa pwani ya Mtwara miaka ishirini, mwani sikuwahi kuuona unafugwa kwenye ndoo. Kuku nao watafugwa baharini?"

Jesca alicheka, akaanza kuzipanga. Ndoo ya kwanza, ya pili na ya tatu alizitia maji ya bahari nusu na maji safi nusu. Ya nne, ya tano na ya sita alizitia maji ya bahari kama yalivyo. Ya saba, ya nane na ya tisa aliongeza chumvi aliyoipima kwenye kimizani kidogo kuliko kiganja. Kisha kila ndoo akaitonea matone ya mbolea kwa bomba la sindano, ulimi umetoka nje kwa umakini.

"Sasa nieleze," alisema Demetria. "Nisije nikaulizwa na watu nikabaki kukodoa."

Jesca alikaa juu ya dumu tupu. "Mwani baharini umezoea chumvi ya kiwango kimoja. Masika ikija mto unashuka, chumvi inapungua. Jua likichoma vidimbwi wakati wa kupwa, chumvi inazidi. Mie nataka kujua, chumvi ikibadilika, mwani unafanyaje na chakula chake."

"Mmea si unakula jua?"

"Jua ni moto wa kupikia, mama mdogo. Unga ni naitrojeni. Chumvi ikizidi, maji yanataka kuutoka mwani mwilini, unyauke. Kwa hiyo unachukua naitrojeni, unatengeneza vitu vya kuyashikilia maji yasitoke. Chumvi ikipungua, maji yanauingia kwa fujo, unavimba. Inabidi utupe vile vitu ulivyojitengenezea, na naitrojeni inaondoka navyo. Ukiishiwa, unaanza kula rangi yako. Ndiyo maana unauona unakuwa mweupe."

"Kama mtu anayevunja kitanda chake apate kuni za kupikia uji," alisema Kornelio.

"Hivyo hivyo, mjomba! Ila mie bado nadhani tu. Ndicho ninachotaka kupima."

Kisha alifungua lile boksi. Ndani kulikuwa na kitita cha mwani, matawi membamba ya udhurungi yanayoteleza, kimelala kwenye kitambaa kilicholowa.

"Nimeupata Kimbiji," alisema. "Munira kanipa. Ni ule wa mama, kidogo alichoweza kukiokoa."

Demetria alikuwa ameshika kifuniko cha ndoo. Alikiweka chini polepole.

Eufrazia alilima mwani Kimbiji miaka tisa, yeye na Munira, kamba zao zikiwa ubavu kwa ubavu. Alikuwa mwanamke wa kelele nzuri. Akija Mabibo ungejua yuko njia panda kabla hajafika mlangoni. Kila safari alileta mfuko wa mwani mkavu wa zawadi, ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua aufanyie nini, na kila safari alishukuriwa kwa moyo wote. Alifariki masika iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu tu. Mvua zile zile zilishusha mto juu ya shamba lake, kamba zake zikawa nyeupe kama nyuzi za kushonea, zikakatika. Demetria hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Baada ya arobaini alinunua daftari la kurasa mia, akawa anaandika kila asichotaka kimpotee: jinsi dada yake alivyomenya embe, matusi yake mawili ya siku zote, wimbo aliouimba akikosea maneno pale pale kila mara.

Kumbe kuna kitu kilichokuwa kimebaki bila kuandikwa, kipo hai, kinateleza.

Na mwani haupandwi kwa punje. Unakata ncha ya mmea wa leo, unaifunga kwenye kamba, inakuwa mmea wa kesho. Ni mmea ule ule mmoja, unakatwa na kufungwa, miaka nenda miaka rudi. Demetria alilijua hilo kwa sababu siku moja tu maishani mwake aliingia majini na dada yake, akafunga mwani hadi vidole vikafanya makunyanzi. Siku ile alitaka kukimbilia kujaza gunia, Eufrazia akampiga kofi la mkono. "Wewe! Funga mbegu kwanza. Anayevuna bila kufunga mbegu amevuna mara ya mwisho."

"Kwa hiyo ukimaliza, unarudisha baharini?" aliuliza.

Jesca alikuwa amempa mgongo, anakata kitita vipande tisa vinavyolingana. "Siku ya kumi na nne tunavikausha kwenye oveni ya maabara. Halafu tunasaga, tunapima naitrojeni iliyobaki ndani."

"Vyote?"

"Vyote tisa. Msimamizi wangu alitaka kumi na mbili, mwani ndio haukutosha."

"Na mbegu?"

"Hakuna mbegu, mama mdogo. Umebaki huu tu. Hata huko kwa Munira ungekufa, mto umeshaanza kushuka." Aliyasema haraka haraka, kama mwanafunzi anayetoa jibu alilolikariri. Kisha akaweka sauti ya kazi. "Sharti ni moja. Maji usiongeze, usipunguze. Mie nitakuja kila jioni kupima uzito na kujaza yaliyopotea kwa jua. Umeme ukikatika, hizi pampu ndogo za hewa zitazimika, koroga na mwiko hewa iingie."

"Maji siyagusi."

"Na hilo dumu moja la ziada la maji ya bahari, mwaga tu."

Demetria hakulimwaga.

Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, alisimama mbele ya ndoo ya kwanza na kisu chake cha kumenyea viazi. Kwa siku tatu tu mwani wa ndoo ile ulikuwa umeanza kupauka. Alikata ncha moja, ndogo kama kiungo cha kidole cha mwisho. Maji hakuyagusa, kama alivyoahidi. Akaifunga ncha kwa uzi na kupiga fundo moja pembeni, maana ndivyo Eufrazia alivyoweka kumbukumbu ya kamba zake, kwa mafundo. Akaitia kwenye beseni la bluu lenye maji ya lile dumu, na beseni akalisukuma chini ya benchi la kuchongea la Kornelio, mahali palipo na mwanga lakini hapana macho ya watu.

Jumanne alikata ndoo ya pili, mafundo mawili. Jumatano ya tatu. Angeweza kukata zote siku moja, lakini muda wa asubuhi ulikuwa mfupi, na tena alikuwa mtu wa utaratibu. Sokoni kila mteja alihudumiwa kwa zamu yake, hata awe mke wa diwani. Ndoo nazo zilistahili haki hiyo hiyo. Jumamosi alifikia ya sita. Jumapili alikwenda misa, akapumzika. Jumatatu akaendelea na ya saba.

Kornelio aligundua siku ya pili, kwa kulikanyaga beseni.

"Dada Demetria, hiki nini tena chini ya benchi langu?"

"Shh. Mbegu."

"Mbona maji yamepungua? Jua la mchana linaingia huku." Kabla hajajibiwa alishateka kopo la maji kwenye kisima chake akalimimina. Kisima kile kilikuwa fahari yake. Maji yake yalikuwa na chumvi, kama visima vingi vya mtaani, na majirani waliyatumia kufulia na kudekia tu, lakini Kornelio aliyatetea kama mwanasheria. "Maji ya kisima changu yana nguvu. Utaona." Tangu siku hiyo alijaza kopo moja kila mchana, akawa anaziita zile ncha wajukuu zangu.

Jesca alikuja kila jioni. Alifuta kila kipande kwa kitambaa, akakiweka kwenye kimizani, akaandika. Alichukua maji kidogo kwenye vichupa, akatia dawa ya kupimia, maji yakawa ya waridi: waridi iliyoiva maana yake naitrojeni bado imo majini, waridi hafifu maana yake mwani umeila. Alipiga mluzi akifanya kazi. Demetria alimkorogea uji wa ulezi, akamsikiliza na kuona raha ya kuwa na mtu wa kupigiwa mluzi uani.

Mambo yaliharibika Jumanne ya pili. Jesca alikuja na karatasi imechorwa mistari tisa ya rangi, uso umemshuka.

"Mama mdogo, nina ishu kubwa. Kuna ugonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Mwani! Angalia. Jumatatu ile, ndoo ya kwanza imepungua uzito ghafla. Jumanne, ya pili. Jumatano, ya tatu. Inafuata foleni! Ya nne, ya tano, ya sita, jana ya saba, leo ya nane. Chumvi kidogo, chumvi nyingi, haijali. Kuna kidudu kinatembea ndoo hadi ndoo." Aliweka kidole katikati ya karatasi. "Na cha ajabu ni hiki. Jumapili hakuna iliyopungua. Ugonjwa ulipumzika."

Kornelio, aliyekuwa anapiga msasa sikio la kinyago, alikohoa kwa nguvu.

"Ugonjwa huo Mkatoliki," alisema.

"Mjomba, sitanii. Kesho ni zamu ya ndoo ya tisa. Ikipungua, lazima nimwambie msimamizi wangu, Dokta Valerian, na utafiti wangu ndiyo basi tena. Nitarudia mwaka mzima."

Alipoondoka, Demetria alibaki amekaa kwenye kigoda, kikombe cha uji kimempoa mkononi.

"Mwambie," alisema Kornelio.

"Nitamwambiaje? Mtoto kachora hadi mistari."

"Basi kesho usikate. Ugonjwa utakuwa umepona."

Hilo lilikuwa jambo la akili, na Demetria alilala nalo. Lakini asubuhi, kisu mkononi, aliitazama ndoo ya tisa akaona ni dhuluma. Nane zina mbegu, ya tisa haina? Eufrazia alikuwa wa mwisho kupewa chakula katika nyumba ya watoto saba, na maisha yake yote alikuwa akiuliza, "Na huyu wa mwisho amepata?" Demetria alikata. Akapiga mafundo tisa.

Jioni Jesca alipima ndoo ya tisa, akaruka juu. "Nilisema! Si nilisema?" Alifurahi kwa kuwa alikisia sawa, kisha akakumbuka maana yake, akakaa chini akafunika uso. Akampigia simu msimamizi wake pale pale. Demetria alisikia sauti ya mwanaume upande wa pili ikizidi kuchangamka. Kitu kama hicho, sauti ilisema, hakijawahi kuonekana. Asiguse mtu. Kesho angekuja mwenyewe.

Dokta Valerian alifika Alhamisi saa tisa alasiri, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, amevaa glovu tangu kwenye gari. Mkono mmoja alibeba dumu la klorini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Asante, nitasimama." Alizunguka ndoo kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. "Ajabu kabisa. Siku moja, ndoo moja, kwa mpangilio. Na Jumapili inasimama! Nimefikiria usiku kucha. Labda joto la maji, labda jirani hapiki Jumapili, moshi..."

"Mie napika Jumapili," alisema Kornelio. "Tena pilau."

"Kwa vyovyote, hatuwezi kuhatarisha. Ugonjwa huu ukifika kwenye mashamba ya mwani, akina mama kule pwani watapata hasara. Tutatia klorini ndoo zote, tuteketeze kila kipande." Akamgeukia Demetria. "Mama, kuna mahali pengine maji haya au mwani huu ulipofika? Hata tone? Napo lazima tuue."

Kutoka chini ya benchi la Kornelio, Demetria aliona ukingo wa beseni la bluu ukimtazama.

Alisimama. Alikwenda mpaka bandani, akapiga magoti, akalivuta beseni hadi kwenye jua. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kisu cha kumenyea viazi, akakiweka kando ya beseni.

"Ugonjwa ni huu hapa," alisema. "Hutembea alfajiri. Jumapili huwa unaenda misa."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Wa kwanza alikuwa Jesca. Alikitazama kisu, akatazama karatasi yake ya mistari tisa, akatazama tena kisu.

"Mama mdogo! Wewe?"

"Uliniambia nisiguse maji. Maji sikuyagusa." Demetria alimgeukia Jesca. "Nisamehe mwanangu. Nimekuharibia. Ila huu ni wa Eufrazia, na wewe ulitaka kuusaga wote. Yeye hakuwahi kubeba kitu nyumbani kabla hajafunga mbegu. Mie nikafunga kwa niaba yake."

Dokta Valerian alishusha dumu la klorini chini. Mabega yakaanza kumcheza, miwani ikamdondoka ikaning'inia kwenye kamba yake, na Demetria akaogopa kwamba mtu analia. Kumbe ni kicheko, kicheko kisicho na sauti kama cha watu wanene, ingawa yeye alikuwa mwembamba.

"Nilishaandika barua pepe kwa wenzangu watatu," alisema alipopata pumzi. "Nimewaambia nimepata ugonjwa mpya. Mmoja ameniuliza nitaupa jina gani!"

"Uiteni Demetria," alisema Kornelio.

Jesca hakucheka. Alikuwa amechuchumaa juu ya beseni. "Hii ni ya ndoo ya ngapi?" aliuliza. Aliinua uzi wenye fundo moja.

"Ya kwanza. Hesabu mafundo."

"Ulipoikata ilikuwaje?"

"Imepauka. Nimeandika." Demetria aliingia ndani akatoka na daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho. Humo, chini ya wimbo wa Eufrazia wenye maneno yaliyokosewa, yalipangwa maelezo kwa mwandiko wa duara: *Jumatatu, ndoo ya kwanza, ncha kama kiungo cha kidole cha mwisho, rangi ya chai ya maziwa mengi.* Na kuendelea hivyo hadi ya tisa.

Jesca aliiweka ile ncha kwenye kiganja, akaenda kuchungulia ndoo ya kwanza. Mle ndani mwani ulikuwa mweupe, laini, umekaribia kuoza. Kwenye kiganja chake ncha ya mmea ule ule ilikuwa ya udhurungi, ngumu, na kwenye kidonda cha kisu ilikuwa imechipua kijino kipya.

"Dokta," alisema kwa sauti ndogo. "Imerudi. Ilikuwa imeshapoteza rangi, imerudi."

Dokta Valerian alivaa miwani upya. Walichunguza mafundo mawili, matatu. Zote tatu zilizotoka kwenye maji ya chumvi kidogo zilikuwa zimepata rangi. Dokta alipima chumvi ya beseni kwa kidarubini chake, kile cha kuchungulia tone la maji: kama ya bahari, imezidi kidogo tu. Kisha Jesca akatia dawa kwenye kichupa cha maji yale, na maji yakawa ya waridi, yakaiva, yakaendelea kuiva hadi yakafanana na juisi ya rosela.

"Naitrojeni yote hii imetoka wapi? Mama mdogo, ulitia mbolea?"

"Mie? Mbolea niipate wapi?"

"Ni kisima changu," alisema Kornelio, kifua mbele. "Nilisema maji yangu yana nguvu. Nawajazia kopo moja kila siku."

Dokta Valerian alitazama kisima. Halafu alitazama choo cha shimo, hatua saba kutoka kisimani.

"Mzee Kornelio," alisema kwa upole wa daktari wa hospitali. "Maji haya huwa hunywi?"

"Sinywi. Nasukutulia tu."

"Acha hata kusukutulia."

Ilichukua muda kidogo kwa Kornelio kufuata macho ya Dokta, kutoka kisimani hadi chooni na kurudi. Alipofika, Jesca naye alikuwa ameshafika, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kikubwa, kikamkalisha chini kati ya ndoo. Demetria alicheka hadi kanga ikamfunguka. Kornelio alisema kwamba wajukuu zake walau hawakulalamika, na akaingia bandani kupiga msasa kwa hasira ya uongo.

Walipotulia, Dokta Valerian alizungumza kama mwalimu. Uzito wa vipande ungeweza kurekebishwa kwa kutumia daftari: wakate ncha yenye urefu ule ule, waipime, waongeze kilichoibwa. Si safi sana, lakini kitaandikwa wazi jinsi kilivyotokea. Na utafiti ulikuwa umezaa swali lisilokuwepo. Akina mama wa pwani wanaona mwani umepauka wanautupa. Je, ungehamishiwa kwenye chumvi ya kawaida mapema, ungejijaza tena?

"Hatujui kilichouponya ni chumvi, au ni choo cha Mzee Kornelio, au vyote viwili," alisema. "Hilo utalipima upya, Jesca, kwa mpango mzuri. Na safari hii ncha za mbegu ziwemo kwenye mpango tangu mwanzo."

Alimgeukia Demetria. "Hivi vipande tisa vikubwa, mama, vitakwenda kwenye oveni kesho. Unaruhusu?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Demetria alitazama beseni. "Vivuneni," alisema. "Mbegu imeshafungwa."

Gari lilipoondoka, Jesca alibaki akikunja karatasi yake ndogo, ikawa ndogo zaidi.

"Mie nilijua, mama mdogo. Siku ile uliponiuliza mbegu. Niliona nikikujibu polepole nitalia, na nikilia sitafanya kazi. Kila jioni nilikuwa nakipima kipande nasema, bado siku kumi, bado siku tisa. Kama mtu anayesubiri mazishi mengine."

"Ungesema."

"Na wewe je, ungesema?"

Demetria alimvuta, akamfuta vumbi la uani mgongoni kwa makofi mawili, moja la kufuta na jingine la kuadhibu.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa bamvua, maji yakapwa mbali. Demetria alifunga biashara kwa siku moja, jambo ambalo soko zima lililizungumza. Walifika Kimbiji na beseni la bluu limefunikwa kanga, Demetria amelipakata njia nzima. Munira aliwangoja ufukweni, mwanamke mrefu aliyevaa soksi za mpira na kofia ya ukili juu ya mtandio.

"Ndiye mdogo mtu huyu? Karibuni, poleni na safari. Haya, twendeni, maji hayamngoji mtu."

Hawakwenda kwenye shamba la zamani. Jesca alipima chumvi hatua kwa hatua na kidarubini, akiwa amelowa hadi mapajani, hadi wakafika upande wa mwambani ambako maji ya mto hayafiki hata masika. Munira alisimamisha vigingi viwili, akavuta kamba katikati. Demetria alianza na uzi wa fundo moja.

Munira alitazama mkono wake kwa muda. "Fundo si hivyo. Wimbi la kwanza litalifungua. Eufrazia angekufungulia hilo, akutukane, afunge upya."

"Angenitukana lipi? Alikuwa na matusi mawili."

"La pili," alisema Munira bila kufikiri, na wote watatu wakacheka, maana la pili ndilo lilikuwa baya.

Demetria alifungua, akafunga upya kama alivyoonyeshwa: kitanzi, pitisha, vuta, acha nafasi mmea unenepe. Fundo moja, mafundo mawili, matatu. Jesca alimpokeza kwa zamu, akiandika namba za ndoo kwenye daftari la mama mdogo wake, ambalo safari hii lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Walipofika la saba maji yalikuwa yameanza kurudi, yamewafikia magotini. Kwenye la nane yalikuwa mapajani, na Munira alikuwa anapiga kelele kwamba wangemalizia kesho.

"Bado mmoja!" alisema Demetria.

Kamba ilikuwa imezama tayari. Alijaza pumzi, akainama hadi shavu likagusa maji, akaifunga ncha ya tisa kwa vidole tu, bila kuona, huku Jesca amemshika kanga kwa nyuma asichukuliwe na maji. Alipolivuta lile fundo likabana, alilivuta tena mara ya pili, kuhakikisha.